Gego langu lilishuka, baba akataka ling'olewe tu

Wakuu, salamu. Haya yalinipata mimi mwenyewe miaka kama kumi iliyopita. Asiyeamini, shauri yake.

Nyumbani kwetu karibu na Rongo, dawa ya jino ilikuwa moja tu: ng'oa. Gego langu la chini lilioza, likang'olewa, nikasahau.

Baadaye gego la juu, zima kabisa, likaanza kushuka kwenye lile pengo. Kumbe jino likikosa mwenzake huwa linamfuata. Hakuna aliyeniambia.

Likashuka hadi likawa linachoma ufizi wa chini. Nyoyo, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha, nikawa nameza mazima mazima.

Baba, mkono umefunika mdomo kama kawaida yake, akasema, "Wuoda, mwanangu, toa hiyo pia. Mimi nilitolewa sita za chini nikiwa kijana, na sikulia."

Ni ile mila ya wazee wetu wa Kijaluo, kijana kung'olewa meno sita ya chini ili ahesabiwe mtu mzima. Sasa mtu kama huyo utabishana naye vipi? Nikilalamika, sita. Nikikataa nyama, sita. Alinichosha.

Nikaenda kliniki moja Migori. Nao wakasema ng'oa. Jino zima, wakuu.

Bahati nikasikia kuna daktari wa kupanga meno anayekuja Homa Bay kila mwezi. Huyo akanidunga ganzi, akafunga skrubu mbili ndogo kwenye mfupa, moja upande wa shavu, nyingine kwenye kaakaa, na mpira wa kulivuta jino juu polepole. Akasema likirudi, pengo la chini lizibwe na jino la bandia, la sivyo litashuka tena.

Baba naye: "Mtu anapigwa misumari kama mabati?" Miezi yote hiyo.

Siku ya kutoa skrubu akanisindikiza, nadhani ashuhudie nilivyotapeliwa. Jino lilikuwa limerudi mahali pake. Akanichungulia mdomoni muda mrefu, kisha akashusha ule mkono wake.

Siku zote nilidhani kufunika mdomo ni adabu ya uzee. Kumbe meno yake ya mbele ya juu yalikuwa yameshuka hadi kwenye ufizi wa chini, pale zilipong'olewa zile sita.

"Daktari, na haya yangu?"

"Mzee, hayo yamekosa wenzao miaka mingi. Tutaanza na kuziba chini, halafu tuone."

Njiani kurudi hakutaja zile sita hata mara moja. Nilitamani azitaje.

Wakuu, pengo lisikae wazi. Na wewe uliambiwa ung'oe jino zima? Ulimjibu nini mzee wako?