Shibiri Moja na Vidole Viwili

Mimi hasira zangu ziko karibu, na waliozoea kukaa na mimi wanalijua hilo. Nilizaliwa Tanga mjini, penye jua la kukausha shuka kabla hujamaliza kuanika la pili. Nikaolewa na mtu wa milimani, tukakaa Tanga mpaka binti yetu wa kwanza akafika miaka kumi, ndipo nikaomba uhamisho, nikaja Lushoto kufundisha hisabati sekondari, na tangu siku hiyo sijavua sweta. Mume wangu ni mpole, sina la kumsema. Wa kusema ni mama yake.

Mama mkwe anakaa nyumba iliyo juu ya yetu, kiasi kwamba akifungua dirisha la jikoni anaona sufuria yangu ina nini. Kila Jumatano alasiri wanawake kumi na sita wa kitongoji chetu, na mimi nikiwemo, tunakusanyika barazani kwake kushona mablanketi ya viraka. Hatuuzi. Mtoto wa mmoja wetu akiondoka nyumbani kwenda kuishi mbali, kwa masomo, kazi au ndoa, lazima aondoke na blanketi letu. Kila mwanamke anatoa vipande vitatu, na kila kipande kitoke kwenye nguo aliyoivaa mwenyewe mpaka ikachakaa. Kitambaa kipya ni marufuku. Ukikileta, mama mkwe anakurudishia, anakuambia nenda kakivae kwanza.

Vipande vyako vitatu unaviunga kwa mkono unapata mkanda mfupi, unampelekea yeye akague. Mikanda kumi na sita ikitimia, tunaiunga pamoja, tunaweka blanketi kuukuu katikati na shuka chini, tunapiga bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza, tumemaliza. Kwa maneno ni rahisi.

Ukaguzi wake hauna maneno. Anapitisha kidole gumba juu ya mshono, polepole, huku anaangalia migomba. Akiridhika, mkanda unaingia kikapuni. Asiporidhika anachukua wembe, anafumua mshono wote mbele ya watu, anakurudishia vipande vyako pamoja na kikombe cha chai. Chai yenyewe ni nzuri, ya kiwanda cha Mponde, imepikwa na maziwa mengi, na mimi nimeinywa sana kwa sababu nimefumuliwa sana. Nakunywa nimenuna, wenzangu wanahamia Kishambaa ili wanicheke kwa raha. Kishambaa nakielewa mwaka wa saba sasa. Sijawaambia.

Nikikosea mara ya tatu, mama mkwe alikuwa ananinyang'anya sindano anashona mwenyewe, chapuchapu, huku anaongea na mtu mwingine habari za kabichi. Kwa hiyo kwa miaka minane, katika mablanketi yote yaliyotoka kwenye baraza ile, vitambaa vyangu vimo lakini hakuna hata moja lenye mshono wangu. Mtu mzima, nina digrii, nasimamisha darasa la vijana sitini kwa kuwakodolea macho tu, halafu nashindwa na mshono wa sentimeta ishirini.

Kuna siku alikuja mke wa mkubwa mmoja wa ofisini, mgeni wa kutoka Dar es Salaam, akataka naye ashone. Wakampa vipande. Alichokishona kilikuwa kibaya, na mimi ndiye nasema. Uzi ulining'inia, kipande kimoja kilikuwa kimegeuka nje ndani. Mama mkwe akapitisha kidole gumba, akatabasamu. "Kizuri sana, mama. Ahsante." Akakiweka kikapuni. Nilitoka pale nimevimba. Jirani yangu, ambaye ndiye pekee anayethubutu kunisema usoni, akanifuata njiani akicheka.

"Sasa unakasirika nini? Yule ni mgeni. Mgeni huwa anafumuliwa?"

Nikamwambia basi na mimi nataka kuwa mgeni, walau wiki moja. Akacheka mpaka akashika uzio. Mkanda wa yule mama, baadaye, waliuchukua wakaushona upya alipokwisha kuondoka.

Mwaka huu ikawa zamu yangu. Binti yangu wa kwanza alipata nafasi ya chuo huko Njombe. Watu wanasema baridi ya Njombe inaizidi ya kwetu, jambo ambalo mama mkwe alilikataa palepale, kama vile wamemtukania shamba lake. Lakini blanketi lazima litoke. Nikajiapia moyoni kwamba hili moja, la mwanangu, litakwenda na mshono wa mama yake. Si wa bibi yake, si wa jirani, wa kwangu. Sikumwambia mtu kwa sababu najua wangeuliza nimeweka dau na nani.

Nikaanza mazoezi. Nilishona stafu mbele ya walimu wenzangu, nilishona chumbani, nilishona wanafunzi wakifanya mtihani. Mume wangu akaamka siku moja akakuta nimeunga kitambaa cha mezani na pindo la pazia. Alikunywa chai yake akiwa amesimama.

Mazoezi yangeishia hapo ningekuwa salama. Tatizo ni kwamba mimi pia ni mjuaji. Mama mkwe hupima vipande kwa mkono wake: shibiri moja na vidole viwili. Kila mwanamke lazima ampelekee nguo yake, yeye anyooshe mkono, aweke alama kwa kipande cha sabuni. Inachukua Jumatano nzima. Nikaona hapa ndipo hisabati itasaidia taifa. Nikaomba mkono wake, nikaupima shibiri kwa rula, nikapata sentimeta kumi na nane kamili. Vile vidole viwili niliviona ni makadirio ya watu wasio na rula. Nikakata boksi la sabuni, mraba safi wa kumi na nane kwa kumi na nane, nikatoa nakala kumi na sita, nikagawa.

"Kuanzia leo hakuna foleni," nikawaambia. "Kila mtu akate kwake."

Walifurahi. Mwalimu wa hesabu amesema, nani abishe? Mama mkwe alilishika lile boksi, akalipapasa pembeni, akalirudisha. Nikadhani amekubali kushindwa.

Jumatano iliyofuata nikampelekea mkanda wangu. Akafumua. Nikakaa chini, nikashona tena, nikampelekea. Akafumua. Chai ya pili. Mara ya tatu nilishona huku jasho linanitoka, na Lushoto mtu hatoki jasho mwezi wa saba. Kidole gumba kikapita kwenye mshono wa kwanza, kikapita kwenye wa pili, kikasimama kidogo, kikaendelea. Akauweka mkanda wangu kikapuni, akanyoosha mkono kupokea wa mwenzangu.

Nilifurahi jamani, siwezi kuficha. Nilishuka nyumbani naimba wimbo wa kwaya ambao hata sauti yangu siijui. Nilimpigia simu dada yangu Tanga kumweleza, akaniuliza kama ndio hilo tu lililonifanya nipige.

Blanketi likakamilika Jumatano ya mwisho. Binti alikuwa anasafiri Jumamosi. Tuna desturi ya kulijaribisha juu ya mwenyewe, basi tukaingia wote chumbani kwa mama mkwe, binti akalala kitandani, tukamfunika. Likafika shingoni vizuri. Upande wa pili likaishia chini kidogo ya magoti. Akalivuta chini lifunike miguu, likamwacha wazi kuanzia kifuani kwenda juu. Mwanangu ni mrefu, lakini si mrefu kiasi hicho. Akachezesha vidole vya miguu, bila adabu, akiniangalia.

Mama mkwe akashika ukingo wa blanketi, akatandaza mkono wake juu ya kipande kimoja. Shibiri ikavuka mshono.

"Mwalimu," akasema, "shibiri ulinipima vizuri. Vidole viwili umevipeleka wapi?"

Ndipo nikaelewa. Vidole viwili ni vya pindo. Kimoja kinaliwa na mshono wa huku, kingine na mshono wa kule. Kila kipande kilikuwa kimepungua, vipande vinane kwa urefu, na hesabu iliyobaki nilikuwa naiona kwa macho, imelala kitandani na miguu wazi. Wanawake waliangua kicheko mpaka mmoja akaenda kukaa kwenye ngazi. Jirani yangu akasema binti anunuliwe soksi ndefu. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Mshono wangu ulikuwa umenyooka kabisa, na umenyooka kwenye blanketi la mtoto mchanga.

Mama mkwe hakucheka sana. Juu ya gauni lake alikuwa amejifunga kitenge cha kijani, amekivaa mpaka kimelainika. Akakifungua pale pale, akanikabidhi. Tutaongeza pindo pana pande zote nne, akasema, na tutarudi Ijumaa kumalizia. Pande fupi wakapewa jirani yangu na mwanamke mwingine. Ndefu moja nikapewa mimi. Ndefu nyingine akaichukua mwenyewe.

Ijumaa asubuhi kulikuwa na ukungu mpaka mlangoni. Tulikaa wanne kulizunguka blanketi kama watu wanaokula sinia moja, wenzetu wengine wakimenya viazi vya mchana. Mama mkwe akamaliza wa kwanza, kama kawaida yake. Nami nikamaliza. Tukalisimamisha blanketi kwa kushika pembe, tulitazame.

Upande wake ulikuwa umeharibika. Mshono ulianza vizuri, ukapanda, ukashuka, mahali pengine sindano haikukamata kitenge hata kidogo. Palikuwa na uwazi ninaoweza kupitisha mkono. Wote tuliona kwa wakati mmoja. Nikakumbuka alivyolipapasa lile boksi pembeni badala ya kulitazama. Mtu aliyekata viraka maisha yake yote angejua kwa kutupa jicho kwamba ni dogo. Yeye hakulijua kwa sababu hakuliona. Kumbe siku zote kile kidole gumba ndicho kilikuwa jicho lake, tangu lini sijui, na barazani hapakuwa na hata mmoja aliyegundua, hata mimi ninayekaa chini ya dirisha lake.

"Limetoka vizuri, mama," akasema jirani yangu. Sauti yake ilikuwa laini kupita kiasi.

"Vizuri sana," akaitikia mwingine.

Mama mkwe akageuza uso zilikotoka zile sauti. Halafu akauvuta upande wake mapajani, akapitisha kidole gumba kuanzia pembe hadi pembe, polepole mno. Kilipofika kwenye uwazi kiliingia. Akakitoa, akaendelea mpaka mwisho.

"Mwanangu," akaniita. Siku zote ananiita mwalimu. "Njoo ufumue hapa."

Miaka minane nilikuwa nimeomba mtu atokee amfumue yule mama, mara moja tu, mbele yetu, apewe na chai. Sasa niliusukuma wembe kando.

"Mama, si pabaya kiasi hicho," nikasema.

"Mimi ni mgeni hapa?"

Nikachukua wembe, nikapiga magoti mbele yake, nikaanza kukata uzi. Nilifumua upande wote, kila mshono, nao ulikuwa mrefu. Mahali pamoja nilivuta kwa pupa kitenge kikalia.

"Taratibu," akasema. "Nguo yangu hiyo."

Nilipomaliza nikainuka, nikaenda jikoni, nikammiminia chai, nikamletea. Aliipokea kwa mikono miwili. Machozi yalikuwa yananitoka na sikujisumbua kuyafuta, kila mtu pale alikuwa na ya kwake. Akanywa. Mimi nikakaa mahali pake, nikashona upande ule upya, na nilipompelekea akaupapasa akasema katikati nimekaza mno. Nikafumua katikati. Akasema sasa nimelegeza. Nikafumua tena. Mara ya tatu akaliachia blanketi likaanguka mapajani mwake, akaomba viazi.

Binti alisafiri Jumamosi na blanketi lake. Alituma ujumbe kwamba linamfunika mpaka miguu na linabaki, na kwamba Njombe kuna baridi kweli. Habari ya baridi sikuifikisha kwa bibi yake. Tumempeleka hospitali, daktari amesema jicho moja linaweza kufanyiwa kitu, lile jingine limechelewa. Amekubali kwenda, lakini baada ya mavuno, na ukimharakisha anakuuliza kama wewe ndiye utakayevuna.

Jumatano hii hakuleta sindano. Aliburuta kiti chake mpaka karibu na changu, akakaa, mikono juu ya mapaja. Kikapu sasa kiko miguuni kwangu, na wenzangu wananiletea mikanda yao, naipapasa nimefumba macho kwa sababu ndivyo alivyonielekeza. Lakini wangu nampelekea yeye. Nauweka kiganjani mwake, nangoja kidole kipite. Siogopi tena kufumuliwa. Naogopa atakuja kuniambia, siku moja, kwamba kizuri sana, ahsante.

Leo amepapasa, akatikisa kichwa, akanirudishia. Ninavyojua mimi ulikuwa umenyooka. Nikachukua wembe nikafumua, naye akamwambia mjukuu wake mdogo aniletee chai.