Kitabu Alichokiulizia Mtu wa Tanga

Harufu ya karatasi kuukuu na majani ya mwarobaini hunirudisha kijijini Mtinko, kwa bibi aliyenilea, tukilala kitanda kimoja. Sandukuni mwake alihifadhi kitabu kimoja cha kusomea cha zamani, alichoachiwa na baba yake, mwalimu. Pembeni mwa kurasa kulijaa mwandiko wa marehemu, wa penseli.

Nilikuwa darasa la tano barua ya kwanza ilipofika kupitia shuleni. Aliyeandika ni Mzee Salehe wa Tanga, mkusanyaji wa vitabu vya kale. Macho ya bibi yalikuwa na ukungu, kwa hiyo msomaji nilikuwa mimi. Mzee alisalimia kwa adabu, kisha akauliza: kitabu kina jalada? Kurasa zimetimia?

"Amejuaje kama ninacho?" bibi aliuliza, ungo wa uwele ukiwa umetulia mikononi.

Mimi nilikuwa na jibu: mwizi. Mwaka uliopita wageni walichukua kigoda cha ukoo, eti wakakipige picha, wasirudi. Basi kila barua ya Tanga niliinusa kama mbwa wa polisi, nikaimulika juani nikitafuta hila.

Ya tatu ilisema: "Ninacho kitabu cha pili chenye mwandiko wa baba yako, na ndimo alimokitaja hicho chako. Ningependa kukurudishia." Chambo hicho, nikawaza. Nikauruka mstari.

"Anasemaje?"

"Anakuja kukichukua, bibi."

"Mwandikie kimeungua."

Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote. Barua zikakoma.

Nilipokuwa kidato cha pili, bibi alifanyiwa upasuaji wa macho. Akaanza kusoma kila kitu: maboksi ya sabuni, kalenda, mwishowe barua zile. Akaniita.

"Mjukuu wangu, mstari huu mbona sikuusikia?"

Nikamweleza yote. Hakunichapa. Alinipa kalamu, nikaandika Tanga kuungama.

Aliyejibu ni binti wa Mzee Salehe. Baba yake alikuwa amefariki. "Alisikitikia sana kile kilichoungua," aliandika. "Akaagiza hiki tusimpe mtu, huenda mkakiulizia."

Kitabu kilikuwa ndani ya kifurushi. Bibi alifungua mwenyewe, akasoma pembeni mwa ukurasa: "Leo nimepata binti. Analia kwa nguvu, ataishi." Akarudia mara tatu, kila mara kwa sauti ya chini zaidi.

Nilidhani nalinda mali ya bibi yangu. Nilikuwa mtu mzima ndipo nilipoelewa kwamba, miaka yote ile niliyomtazama mtu wa Tanga kwa jicho baya, aliyemnyima bibi maneno ya baba yake alilala naye kitanda kimoja.