Neno Shule, na Mchanga wa Kayenze

Jumapili iliyopita mdogo wangu wa mwisho alikuja kunisalimia Igoma. Anasomea lugha chuoni, na mimi nikiwa nachambua dagaa wa mchana, akaanza kunipasha habari za masomo yake kama kawaida. Neno shule, akasema, tuliachiwa na Wajerumani. Wareno wana escola, Wafaransa école, Waitaliano scuola, Waingereza wana lao ambalo Wazanzibari wamelifanya skuli. Wote wamechota kwa Walatini, na Walatini wakachota kwa Wagiriki.

"Sasa dada, kwa Wagiriki maana yake ya kwanza unaijua?"

"Niijulie wapi?"

"Muda wa kupumzika! Mtu hana kazi ya kufanya, amekaa na wenzake wanajadili mambo. Shule ilianzia hapo."

Akacheka sana. Mimi niliendelea kuvunja vichwa vya dagaa, lakini moyo ulikuwa umeshafika Kayenze, kijijini kwetu kando ya ziwa.

Unaujua mwalo wetu, rafiki yangu, pale mitumbwi inaposhusha dagaa asubuhi. Enzi zile waliwaanika juu ya mchanga mtupu, ufuko mzima uking'aa kama bati jipya, na harufu yake ilikufuata hadi kitandani.

Baba alitangulia, mama akafuata. Kwetu, siku ya kuanua matanga ndiyo siku ya kugawana watoto. Baba mkubwa alimtaka mdogo wangu anayenifuata akachunge ng'ombe. Shangazi alimtaka huyu wa mwisho, aliyekuwa bado ananyonya mama alipofariki, avuke naye kivuko cha Busisi. Nilikuwa nimeshika sinia la chai. Nikasema hawaendi popote.

"Utawalisha nini?" baba mkubwa akauliza. "Madaftari?"

Watu wakaangua kicheko pale pale msibani.

"Nitaanika dagaa."

"Ukiwa shuleni?"

"Siendi tena."

Kicheko kikakatika. Shangazi alikuwa ameshamfunga mtoto mgongoni. Bibi, mama yake mama, akakohoa, akasema yeye kazi hawezi tena, ila kulala na watoto ataweza. Shangazi akafungua kanga taratibu, akanipa mtoto bila kuniangalia.

Kulipokucha nilikuwa mwaloni. Dagaa hugeuzwa kabla jua halijakomaa, wasishikane, na mvua ya ziwa haipigi hodi. Ukichelewa kuwakusanya wanaoza, na mwenye mali hakupi hata bakuli la kupeleka nyumbani. Niligeuza nimeinama, mtoto mgongoni akilia njaa, mchanga ukiniunguza nyayo. Kengele ya shule ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini, na sauti yake ilifika hadi kwetu. Ikilia ya mapumziko, nilijua wenzangu wanakimbilia mihogo ya kukaanga.

Siku moja mwalimu wangu alipita kununua kitoweo. Nikampa shikamoo bila kuinua mgongo.

"Marahaba, mwanangu. Ukipata nafasi, urudi."

Alisema kwa huruma, ila mpaka leo sijui alidhani ningeipata wapi hiyo nafasi.

Sasa dagaa wengi huanikwa kwenye chanja, juu, mbali na mchanga. Bibi hayupo, mwalimu hayupo. Busisi pana daraja, na anayevuka asubuhi anarudi kulala kwake. Siku zile mtoto akivushwa tulijua ametupotea. Nilizuia tusigawanywe, na nilifaulu. Lakini yule anayenifuata yuko Dar es Salaam, namsikia sikukuu kwa sikukuu, na jiko tulilokuwa tukilizunguka sote watatu limeanguka pamoja na nyumba. Hakuna anayelikumbuka ila mimi.

Dagaa walipoiva, mdogo wangu akavuta kigoda.

"Hivi dada, wewe uliishia la ngapi?"

"La sita."

"Mbona hukumaliza? Au hukuipenda tu shule?"

Nilimtazama: shati lake safi, meno yake mazuri, mikono isiyo na kovu hata moja. Nikamwambia ndiyo, sikuipenda. Akatikisa kichwa kwa masikitiko, kama mwalimu. Nikampakulia ugali.