Neno la Siri la Nyumba ya Mjomba

Nakumbuka, mwanangu, siku moja umeme ulikatika Morogoro mjini wakati wa chakula cha mchana, nami nikabaki na tonge mkononi kama mtu aliyepigwa picha. Umeme kukatika halikuwa jambo geni. Miaka ile ya soko huria kila kitu kilikuwa kimeingia nchini, mitumba, televisheni za rangi, kompyuta, ila umeme wa kuviwasha ulikuja kwa zamu. Kilichonishtua ni kwamba muda mfupi kabla ya hapo nilikuwa nimetambua nimefanya nini.

Nitakueleza polepole, maana jana nimeona ulichotuma kwenye kundi la ukoo. Onyo lako lilikuwa jema. Ulitutahadharisha kuhusu programu ya simu inayochungulia namba za watu. Lakini ili tukuamini ukaweka na picha ya kioo cha simu yako, na namba zetu zote zikaonekana, hata ile mpya ya shangazi yako aliyoibadilisha ili mume wake wa zamani asimpate.

Mimi, kama unavyonitania, si mtu wa safari. Nikivuka lango natafuta sababu ya kurudi. Hata ujanani nilikuwa hivyo hivyo. Nilipomaliza kidato cha nne nilishuka kutoka Mgeta, nikaja kukaa mjini kwa Mjomba Kosmas, kaka wa mama, aliyekuwa akipokea kabichi na karoti za kwetu na kuziuza sokoni. Wewe Mluguru unajua, baba anakupenda, lakini anayekukalisha kitako ni mjomba. Alitaka nimsaidie sokoni. Mimi niliogopa jua, niliogopa wapakiaji, niliogopa na hayo makabichi yenyewe. Watani wake wakipita uani walinikuta nimekaa palepale waliponiacha.

"Kuku wa mayai, leo umetaga?"

Kitu kimoja tu kilinitoa nje: kwenda intaneti. Kulikuwa na chumba chenye kompyuta chache karibu na stendi, na humo ndani mimi sikuwa kuku. Nilikuwa nimejiunga na jukwaa moja la Waswahili wapenzi wa kompyuta, wengine wako Dar, wengine ng'ambo. Nilisoma habari za Kiingereza kuhusu programu mpya, virusi, na wezi wa barua pepe, kisha nikawaandikia wenzangu kwa Kiswahili chepesi. Walinisifu. Nikajipa jina, Mlinzi wa Uluguru. Mtu asiyeweza kulinda fungu la karoti, mwanangu, alikuwa analinda milima.

Nyumbani tulikuwa na sanduku moja la barua pepe kwa watu wote. Ndivyo ilivyokuwa, kama vile familia ilivyokuwa na sanduku moja posta. Wakati wa kulifungua, Mjomba alichagua neno la siri ambalo hakuna ambaye angelisahau: jina lake la upande wa baba. Si unajua sisi ukoo tunaufuata kwa mama, lakini jina tunalipata kwa baba? Jina hilo ndilo alilosalimiwa nalo kuanzia sokoni hadi Mgeta. Hata mbuzi wa jirani walilijua.

Na katika sanduku hilo, siku zile, dada yangu Sesilia alikuwa anasubiri jibu lake. Aliomba nafasi katika chuo cha uuguzi cha masista, huko kusini. Alikuwa amekwisha kushona sare kabla hajaitwa. Kila nikirudi aliniuliza jambo moja, "Limekuja?" na mimi nikamjibu, "Bado, Mheshimiwa Sindano."

Asubuhi ya siku hiyo jukwaani kulikuwa na mjadala mkali: watu wachague maneno gani ya siri? Mmoja akasema, Mlinzi, hebu tupe mfano wa neno bovu. Mganga hajigangi. Nikaandika kwa mbwembwe kwamba sisi watu wa milimani tuna ujinga mkubwa, tunatumia majina yetu ya upande wa baba, hata nyumbani kwetu, na nikalitaja lenyewe ili mfano ukolee. Chini yake, kama kawaida yangu, nikaweka anwani yetu ya barua pepe, ili wenye kutaka kunishukuru wanipate.

Nikarudi nyumbani nikipiga mluzi. Tukiwa tunakula, nikamsimulia Mjomba jinsi nilivyowafundisha watu. Aliacha kutafuna.

"Umewatajia jina langu."

"Kama mfano tu, Mjomba."

"Na anwani ya nyumba yangu umeiweka?"

Hapo ndipo tonge liliposimama. Na hapo ndipo redio iliponyamaza na feni ikaanza kuzunguka kwa uvivu, mpaka ikasimama.

Mjomba hakupandisha sauti. Alinawa mikono, akaifuta kidole kimoja kimoja. "Siri ya mtungi aijuaye kata," akasema. "Wewe ni kata, umekwenda kusimama barabarani unawaeleza wapita njia mtungi una ufa wapi. Kwa kuwa unapigiwa makofi, unadhani unawasaidia kunywa." Kisha akaonyesha kwa kidevu upande wa jikoni, alikokuwa Sesilia. "Mimi simwambii. Utamwambia wewe."

Nilikimbia kwanza intaneti, nikidhani miguu itaniokoa na mdomo. Mlango ulikuwa umefungwa. Nikahangaika mji mzima. Hata wenye jenereta waliniambia kompyuta zinawaka lakini mtandao haupo. Kila niliyepishana naye njiani nilimwona kama mtu anayelijua jina la Mjomba, na kwa kweli walikuwa wanalijua.

Nikarudi nikamwambia Sesilia. Alikuwa anamenya vitunguu, kwa hiyo sikuweza kujua machozi ni ya nini.

"Kwa hiyo mtu yeyote anaweza kusoma jibu langu kabla yangu?"

"Anaweza. Lakini huenda hakuna aliyetaka."

"Wewe unayejua habari zote za wezi," akasema, "ndiye unayeniambia huenda?"

Umeme haukurudi siku hiyo, wala iliyofuata. Sijawahi kuingoja balbu kwa hamu namna ile. Nyumba nzima tulikaa tunaitazama kama wagonjwa wanavyomtazama daktari. Sesilia aliikunjua sare yake, akaikunja, akaikunjua tena. Watani walipita, wakauliza kama nimetaga. Hakuna aliyecheka, wakaondoka.

Umeme ulipowaka, tulikwenda intaneti wote watatu. Nikaandika anwani. Nikaandika jina la Mjomba. Likakataliwa. Nikaandika tena taratibu, herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Likakataliwa. Mtu alikuwa ameingia nyumbani kwetu, akabadilisha kufuli, na sisi wenyewe tukawa tunabisha hodi.

Mjomba alimpandisha Sesilia basi siku ileile, akaenda naye hadi chuoni. Walipokelewa na sista mmoja mpole, akawatazama kwa mshangao.

"Binti, si ulituandikia mwenyewe? Ulitushukuru, ukasema umeolewa."

"Nimeolewa na nani, Sista?" Sesilia akauliza.

Barua ya kumwita ilikuwa imefika katika sanduku letu, mtu akaisoma, akaijibu kwa mzaha, akafunga mlango akaenda zake. Hatujamjua mpaka leo. Huenda alicheka mara moja tu akasahau. Nafasi ilikuwa imekwisha kupewa msichana wa Gairo, na hakuwa na kosa lolote. Sesilia akarudi, akaiweka sare chini ya godoro, akauza kabichi hadi masista walipopokea wanafunzi wengine, naye akiwamo. Mimi nilikwenda naye sokoni kila siku. Hakuniambia niende. Jua lilinichoma, wapakiaji walinitukana, na sikuthubutu kulalamika.

Unamjua dada yangu Sesilia alivyokuwa wodini. Mwaka niliolazwa, aliniwekea pazia kabla ya kuniuliza ninaumwa nini, akainama hadi sikioni. Nikamwambia, sema tu kwa sauti, humu hakuna anayenifahamu. Akanijibu, "Uliwahi kuniambia hivyo hivyo. Huenda." Kisha akanidunga sindano, na sidhani kama ilihitajika kuingia ndani kiasi kile.

Basi mwanangu, sikukatazi kusambaza habari za mitambo hiyo. Anayejua na akanyamaza naye ana kosa lake. Lakini unapotaka kuwaonya watu, kaa kwanza uutazame mfano wako kama unavyokagua mchele kabla ya kuupika: jina la nani limo, namba ya nani, ni nani atakayelala na hofu kwa sababu wewe ulitaka kuaminiwa. Kilicho chako, toa upendavyo. Cha mwenzako, kamwombe, na akikataa usimwulize kwa nini. Maji yakimwagika hayazoleki. Na sasa hivi, kabla hujamaliza kunicheka, futa ile picha, umpigie shangazi yako. Shikamoo yako ianze kabla ya maelezo.

Mungu akufunike kama ukungu unavyoifunika Uluguru asubuhi: wewe uione njia yako, na mwenye nia mbaya asikuone.