Namba Nilizoziacha Ngara

Siku yangu ya kwanza kazini Ngara, Mkuu wa Kitengo cha TEHAMA alichomoa waya wa mtandao kwenye kompyuta yangu, akautia mfukoni. "Haya, sakinisha programu yako," akasema. Nikashindwa. Nilimnunia wiki nzima, maana nilijiona fundi.

Vijana, hakuna anayeandika programu yote peke yake. Tunaazima vifurushi, yaani vipande vilivyokwisha kuandikwa na wengine. Kwenye lugha ya Python tulivivuta mtandaoni kwa zana iitwayo pip, na orodha uliiandika mwenyewe: jina la kifurushi na namba ya toleo lake. Kwenye JavaScript, zana yake, npm, ilijaza folda mpaka flashi ikalemewa, ila iliandika yenyewe faili la kutunza matoleo yote. Lugha ya Go ilikupa faili moja tu lenye kila kitu, ukaenda zako. Mkuu alizipima zote kwa swali moja: "Kule kijijini Bisibo itawaka?" Huko mtandao ulikuwa wa kubahatisha.

Mimi nilikuwa mtu wa Python, na kwenye orodha yangu niliandika majina matupu. Namba niliziona urembo.

Nikahamishiwa Biharamulo. Siku ya chanjo ya ng'ombe Nyamahanga, kompyuta ya kazi ikafa, nikatoa ya akiba, tupu. Daktari wa mifugo hakuruhusiwa kuchanja kabla programu haijatoa namba ya hereni ya utambulisho ya kila ng'ombe, na barafu ya kutunza chanjo ilikuwa inayeyuka. Nikapanda bodaboda hadi Lusahunga kwenye mtandao, nikavuta vifurushi. Yakaja matoleo mapya, programu ikagoma. Niliogopa.

Nikampigia Mkuu. Hakunigombeza. Aliwasha kompyuta yangu ya zamani pale Ngara, akanisomea namba za matoleo yake moja moja kama mwalimu wa imla. Nikavuta matoleo hayo hayo, programu ikawaka.

Niliporudi Nyamahanga, mfugaji mmoja mzee wa Kisukuma alikuwa bado ananisubiri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Umepata?"

"Nimepata."

"Basi anza na huyu mwekundu. Amenuna kama wewe."

Barafu ilikuwa imebaki vipande vichache, lakini ng'ombe wote walichanjwa. Nilifurahi karibu nilie.

Mwaka wa kustaafu nilimkabidhi kazi binti mmoja mhitimu. Siku yake ya kwanza nilichomoa waya, nikautia kwenye mkoba wangu. Alininunia, nami nikamwacha anune.

Juzi akanipigia kutoka Bisibo. "Shikamoo, mama. Huku mtandao hakuna kabisa."

"Na programu?" nikauliza.

"Imewaka. Ila, mama, naomba waya wangu."