Garmai na Mwenzake wa Buchanan

Watu wanaodai ludo ni mchezo wa bahati, sisi wa Paynesville, huku Liberia, huwa tunawaacha wadai. Halafu tunawapeleka wakacheze na Garmai. Wakitoka hapo wamenyamaza, na wengine huwanunulia watu chai bila kuombwa.

Garmai alikuwa fundi cherehani, mjane, Mkpelle kwa kabila, mwenye maneno machache na mgongo ulioanza kupinda kwa kushona sare za shule. Ludo alijifunzia kambini Ghana wakati wa vita, kwenye ubao wenye kioo juu yake, dadu zikilia tangu asubuhi kwa kuwa mkimbizi hana pa kwenda. Vita ilipokwisha alirudi nyumbani na cherehani ya mkono na mchezo huo, basi. Miaka ikapita, ludo ikahamia kwenye simu, naye akahamia huko. Wanawake wa rika lake walisema anajidhalilisha, mtu mzima kushinda na simu kama mtoto. Aliwasikia, akaendelea kucheza.

Tazama sisi wengine tunavyocheza. Tukipata sita tunatoa kete mbiombio, zote nne, tunazitawanya njiani kama kuku waliofunguliwa. Garmai alitoa mbili tu, zikatembea pamoja, maana kete mbili zikikaa chumba kimoja ni ukuta: adui hapiti, wala hawezi kuzila. Hakusimama kamwe mbele ya mlango wa mtu, pale kete mpya zinapotokea. Kabla ya kugusa simu aliangalia nyuma kwanza, aone ni nani aliye karibu kiasi cha kumfikia kwa mtupo mmoja. Na kete yake ya mwisho aliichelewesha makusudi, ibaki nyuma inawatia watu wasiwasi. Siku moja tulimchokoza sana atuambie siri, akasema, "Dadu siichagui mimi. Mimi nachagua tu itanikuta nimekaa wapi." Tukacheka, lakini mwezi ule hatukumfunga hata mara moja.

Sisi tuliowahi kuishi kambini tuna mashindano yetu kila Julai, wakati mvua inatufungia ndani. Tunacheza wawili kwa wawili, kila mtu na simu yake popote alipo, mmoja akifikisha kete zake zote nyumbani wote wawili wameshinda, na mwenza unapewa kwa kura mara moja tu, ukishapewa ni wako. Kura ilimpa Garmai mzee mmoja wa kabila la Bassa aitwaye Zangar, mstaafu wa reli, aliyekuwa akiishi peke yake mjini Buchanan. Kambini hawakuwahi kukutana, na baada ya kurudi pia walikuwa hawajaonana. Sauti yake tu ya kwenye simu ndiyo aliyoijua, kavu na ya polepole, sauti ya mtu asiye na wa kuongea naye nyumbani. Mashindano ya kwanza yalipokwisha hawakuachana. Kila jioni Garmai akifunika cherehani yake alimkuta mzee yuko hewani anamngoja.

Huko ndiko walikojuana. Zangar alikuwa mzito wa kucheza, jamani. Mchezo humpa mtu muda kidogo wa kusogeza kete, naye aliutumia hadi sekunde ya mwisho, mpaka wapinzani wakamtukana. Lakini kete zake mbili zilikaa daima nyuma ya kete ya Garmai, zikiwazibia njia wanaomfukuza, na hazikubanduka mpaka yeye afike salama. Nafasi nzuri ziliweza kumpita, naye yuko palepale. Garmai alimuuliza jioni moja mbona hazikimbizi kete zake mwenyewe. Mzee akasema kwamba vita ilimkuta yuko safarini na treni. Mke wake na watoto waliingia barabarani peke yao, hawana mtu nyuma yao. Hakuwaona tena. Garmai hakuwahi kumuuliza tena.

Mwaka walipofika fainali mara ya pili, zawadi ilikuwa paneli ya sola na betri na taa yake. Wengine walitaka sifa, Garmai aliitaka ile taa. Umeme kwetu mnaujua, na macho yake yalikuwa yameanza kumgomea jua likizama, kwa hiyo kazi za sare za kufungulia shule zilikuwa zinaenda kwa mafundi wengine. Mpinzani wao alikuwa Tarpeh, muuza vipuri vya pikipiki, mwenye mdomo usiolala, aliyewafunga fainali ya mwaka uliotangulia na hakuacha kuwakumbusha. Yeye na Garmai walikaa meza moja kwa Sumo, pale tunapokunywa chai, kila mmoja na simu yake mkononi. Mwenza wa Tarpeh alikuwa mjini Ganta, na Zangar kwake Buchanan. Sumo mwenyewe ndiye aliyekuwa mwamuzi. Sharti lilikuwa moja: ukimpigia simu mwenzako katikati ya mchezo umeshindwa, maana huko nyuma watu walikuwa wanapeana mbinu.

Mchana ule mvua ilinyesha kweli. Mchezo ukaenda mpaka Garmai akafikisha kete tatu nyumbani. Ya nne ilikuwa karibu kabisa, kete za Tarpeh ziko nyuma yake, na katikati zimekaa zile mbili za Zangar, ukuta uleule. Sisi tuliokuwa tumesimama nyuma ya kiti chake tulikwisha kuanza kumpongeza. Ikafika zamu ya Zangar. Muda ukayoyoma mpaka ukaisha, kama kawaida yake, ikatoka tano. Kete moja ikatoka ukutani, ikakimbia mbele.

Watu wakaguna kwamba mzee leo amechoka. Garmai akajiambia kidole kimeteleza. Zamu iliyofuata, muda ukaisha tena, na kete ileile ikakimbia ikaenda kusimama mbele ya mlango wa Tarpeh. Tarpeh akapata sita, akatoka, akaila.

Usipogusa simu mpaka muda wako uishe, mchezo wenyewe hukuchezea, na hautangazi. Mashine haina subira, inachukua kete iliyo mbele na kuikimbiza. Kwa mtu mwingine yeyote tungeshtuka, lakini Zangar alikuwa mzito siku zote, nani angejua? Alijua Garmai peke yake. Mzee yule asingemwachia mgongo wazi.

"Anayecheza si Mzee Zangar," alisema.

Tarpeh akacheka. "Kumbe ukishindwa unakana mwenzako, Mama Garmai? Mbinu hiyo sikuijua."

Sumo akasema kwa upole kwamba labda ni mvua, mtandao umekatika huko, na alisema la maana, kwa sababu mtandao wetu hukatika hata kwa wingu. Akamsihi amalize kwanza, mitupo michache tu imebaki, ndipo apige simu. Sisi nasi tukamsihi. Sifichi, mimi nilimshika bega.

Garmai aliitazama ile kete yake iliyokaribia nyumbani. Alikuwa anaitaka ile taa, kila mtu aliyekuwa pale aliiona hamu usoni mwake. Kisha akasema, "Nampigia," akaufunga mchezo.

Simu ikaita. Ikaita mpaka ikakata, na hakuna aliyepokea. Kwa hiyo mtandao ulikuwepo. Akampigia Vonyee, jirani wa mzee, muuza mkate wa muhogo ambaye mzee aliwahi kuazima simu yake kumpigia Garmai. Vonyee alinung'unika juu ya mvua, lakini akaenda. Tulisikia miguu yake kwenye maji, tukasikia anabisha mlango, anaita, anabisha tena. Halafu akapiga ukelele. Mzee alikuwa sakafuni, mdomo umekwenda upande, simu iko chini yake. Alikuwa anapumua. Vijana wa mtaa wakambeba kwenda hospitali.

Hakuna aliyetangaza mshindi. Tarpeh, huyohuyo Tarpeh, alitoka kwenye mvua bila mwavuli akasimama barabarani mpaka akapata gari la Buchanan, akamfungulia Garmai mlango.

Wodini muuguzi alimzuia. Akamuuliza yeye ni nani wa mgonjwa. Garmai akatafuta neno. Si mke wake, si binti yake, hata kabila si moja.

"Huwa tunacheza ludo," alisema.

"Ludo?"

"Ndiyo, sista. Kwenye simu."

Muuguzi alimtazama kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka miguu iliyojaa tope. Akasema mgonjwa huyu tangu aletwe na majirani hana ndugu aliyekuja, na saa za kuona wagonjwa zimekwisha. Mwishowe akamruhusu aingie amwone tu, atoke.

Mzee alikuwa mwembamba kuliko sauti yake. Alimtazama Garmai kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekosea mlango. Garmai akainama, akasema, "Mzee, ni mimi." Hapo akamjua. Upande mmoja wa uso ukajitahidi kutabasamu. Maneno yalimtoka yamepinda, moja moja.

"Tumeshinda?"

"Hapana, Mzee. Niliacha mchezo."

"Ulikuwa mbele."

"Nilikuwa mbele."

Akafumba macho. Garmai alidhani amelala, kisha akaona chozi linashuka kuelekea sikioni, naye akakosa la kufanya kwa mikono yake. Muuguzi akarudi, akamgusa bega, akamwambia imetosha, mama, atoke. Garmai akaanza kuinuka.

Mzee Zangar akanyanyua mkono uliobaki na nguvu, akamshika Garmai mkono.

"Sista," alisema, na sentensi hiyo ilimchukua muda mrefu kuimaliza. "Mletee kiti. Watu wangu wamefika."

Garmai akalia palepale, wodi nzima inamtazama, na muuguzi akaenda kutafuta kiti.