Kigari cha Gofu Siku ya Jumapili

Meneja wetu alikuwa na suti nne za mikono mifupi na hakuwa na leseni ya chombo chochote chenye gurudumu. Nalisema hili mwanzoni ili msomaji asije akamhurumia.

Hoteli ilikuwa juu ya mji wa Lushoto, kwenye kilima chenye miti ya miwati, ambapo Mzungu aliyeijenga alijitengenezea uwanja mdogo wa gofu. Alipoondoka, hoteli ikawa mali ya umma na uwanja ukawa shamba la viazi la wafanyakazi. Kilichobaki cha mchezo ule kilikuwa kigari kimoja cha petroli chenye magurudumu matatu, viti viwili na breki za kuchekesha. Mimi nilikuwa dereva. Leseni yangu ilikuwa ya lori, niliipata kwa kusota miaka kwenye barabara ya Mombo, na sikuwa na kitu kingine cha kujivunia. Lori la hoteli lilipokosa vipuri nikapewa kigari, nipandishe mizigo ya wageni kutoka getini hadi nyumba za juu. Wageni wenyewe walikuwa wakubwa waliokuja milimani kupumzika, ingawa sikuwahi kujua ni nini kilichowachosha.

Nilikiheshimu kigari kile kwa kadiri yake. Hakikuwa na namba, bima wala taa, kwa hiyo hakikutoka getini. Abiria ni mmoja tu. Mteremkoni injini iwake na gia iwe ndani, maana breki zile zilitengenezwa kwa ajili ya majani mafupi, si kwa milima ya Usambara. Kanuni ya mwisho nilijitungia mwenyewe: nisiende mwendo utakaonizuia kumwamkia mtu mzima. Njia ya wanakijiji ilikatiza katikati ya hoteli, na kwetu humpiti mzee kwa kumpungia mkono. Unapunguza mwendo, unasema shikamoo, unasubiri marahaba, ndipo unaendelea. Ukiona huwezi kuisubiri marahaba, basi unakwenda kasi mno. Sijafundishwa na mtu yeyote kanuni ya udereva iliyo bora kuliko hiyo.

Aliyepita pale mara nyingi kuliko wote alikuwa bibi mmoja mjane, Mlutheri, na kikapu chake cha matunda, fyulisi au plamu. Kwake yeye nilisimamisha kigari kabisa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hicho kikorokoro hakijakuua tu?"

"Bado, bibi."

Hayo yalikuwa mazungumzo yetu kwa miaka, na sote wawili tuliridhika nayo.

Kisha petroli ikaadimika, na serikali ikakataza magari kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Watu wenye akili wakatembea kwa miguu. Meneja yeye akaona barabara tupu. Akaamua kwamba sheria imetaja magari, na hiki si gari, ni kifaa cha michezo. Alilitamka jambo hilo kama mtu aliyegundua dawa ya malaria. Basi kila Jumapili saa tisa alivaa suti, akashika usukani, akateremka mjini kuwapungia mkono watu waliotoka kanisani, ambao walimtazama kwa adabu na kucheka akishapita.

Nilimweleza kanuni zangu zote, hata ile ya shikamoo.

"Ndugu dereva," akasema, "wewe umezoea kubeba kabichi. Hiki kinataka elimu kidogo."

Elimu yenyewe ilikuwa hii: akifika kwenye mteremko anazima injini, anaweka nyutro, na kigari kinashuka chenyewe. Aliita huko kuokoa fedha za kigeni. Nakiri kwamba madereva wengi wa milimani walikuwa na ugonjwa huo, na baadhi yao wamezikwa nao, lakini sijamsikia mwingine akiuita uzalendo.

Jumapili moja alimpakia mgeni kutoka wizarani, mtu mwenye tumbo la kujaza viti vyote viwili. Walipotoka getini nilisikia injini ikizimwa. Kwenye kona ya pili kigari kikamshinda. Yule bibi alikuwa akishuka mbele yao, amewapa mgongo, kikapu kichwani, na hakusikia kitu kwa sababu hapakuwa na mlio wa kusikia. Kilimpiga akaangukia mferejini, mkono ukavunjika, na chenyewe kikaishia kwenye miwati. Nilipofika mbio nilimkuta meneja amesimama anakung'uta suti. Akaniuliza kama kigari kitatengenezeka. Mgeni wake alikuwa anatafuta kiatu. Nilimtoa bibi mferejini peke yangu.

Kesho yake asubuhi meneja aliniita ofisini. Alisema trafiki amekwisha kupata habari. Mimi nina leseni, kwa hiyo kwangu itakuwa ajali tu. Yeye hana, kwa hiyo kwake itakuwa kesi, na jina la yule mkubwa wa wizarani litaingia humo. Halafu, huku akitazama dirishani, akanikumbusha kwamba nyumba ninayoishi na mke wangu na watoto wanne ni ya hoteli. Nilimdharau mpaka taya zikaniuma. Kisha nikasema ndiyo.

Siku ya tatu trafiki alitukusanya hospitali, kando ya kitanda cha bibi. Akamwambia kwamba dereva amekwisha kukiri, akaninyooshea kalamu. Bibi alinitazama, mkono wake umo kwenye plasta, akacheka. Alisema kwa Kishambaa kwanza, kisha akarudia kwa Kiswahili ili trafiki aandike.

"Huyu hapana. Angekuwa huyu, ningesikia shikamoo kwanza ndipo nigongwe. Aliyenigonga ni yule wa suti. Aliinuka akauliza habari za kigari, mimi hakuniuliza."

Meneja, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, ghafla aliona tangazo la chanjo la kusoma ukutani.

Trafiki hakuwa mjinga. Alifungua ukurasa mpya. "Ndugu, nakuuliza mara ya mwisho. Nani alikuwa kwenye usukani?"

Mwanamke yule, kwa mkono wake mmoja, alikuwa amenifungulia mlango wa kutokea. Sikuwa na haja ya kufanya lolote ila kunyamaza. Nikaifikiria nyumba.

"Ni mimi, afande," nikasema. "Bibi aliumia sana, hakuona vizuri."

Leseni ilichukuliwa kwa mwaka mzima. Meneja alihamishiwa hoteli kubwa zaidi, pwani, kwa kuwa watu wa aina yake huanguka kwenda juu. Nimemdharau tangu siku ile, yeye na mgeni wake na tumbo lake, na dharau hiyo imenifaa sana. Mtu akiwa na kazi ya kudharau wenzake hapati nafasi ya kujitazama.

Bibi alipona, ila mkono ulibaki umepinda. Nilikutana naye kwenye njia ya miwati siku za plamu kuiva, na safari hii mimi pia nilikuwa kwa miguu. Nikasogea pembeni, nikavua kofia.

"Shikamoo bibi."

Nikasubiri. Akakihamishia kikapu kwenye mkono ule mzima, akanipita.